Kengele Iliyokwenda Roma

Jumamosi Takatifu ya mwaka huu tulimzika baba, na kengele haikupigwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililotokea, na kwa sababu pale makaburini yalisemwa mengi ambayo hayakutokea. Kila aliyesimama alimpamba baba kidogo. Mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa mazungumzo. Baba! Mtu aliyeweza kumaliza juma zima kwa "eeh" na "hapana", na siku ya maneno mengi akaongeza "tutaona". Mwingine, tena mzee wa kanisa lake la Kiprotestanti, alisema kwamba marehemu, ingawa hakuwa Mkatoliki, ndiye aliyewapa Wakatoliki kengele yao. Hakuwapa. Aliichukua bila kumwuliza mtu, akachelewa kuirudisha, na nusura awekwe ndani kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mama, nikauma mdomo. Mtu hasimami kwenye maziko ya baba yake kuwasahihisha wazee. Lakini nilichoka, na bado nimechoka, ndiyo maana ninaandika.

Wakati wanasema, ng'ambo ya njia kulikuwa na fundi anachomelea mlango wa duka. Harufu ya chuma kinachoungua ikatufikia kaburini. Wengine walifunika pua kwa vitenge. Mimi niliivuta. Ninyi mliokuwa watoto pamoja nami kule Nakivale, kambini Uganda, mnazijua harufu zetu: moshi wa kuni mbichi, maharage ya msaada yasiyotaka kuiva, turubai lililopigwa jua mchana kutwa. Pasaka kwangu nayo ina harufu yake, wala si ubani. Ni hiyo ya chuma kilichochomelewa.

Kanisa letu lilikuwa kigango tu, jengo dogo la udongo lenye paa la turubai, lisilo na padri wake. Parokia ilikuwa mbali, na padri mmoja alivizungukia vigango vingi kwa pikipiki. Aliyeishi nasi alikuwa katekista, Mzee Anselme, mtu mwembamba wa koti moja, masika na kiangazi, aliyezishika kanuni za Kanisa kama mtu aliyebeba mayai mikononi. Nje, kwenye mti wa mkaratusi, ndipo ilipokuwa kengele yetu: rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na kipande cha nondo cha kuipigia. Rimu hiyo ilikuwa na ufa. Ukiipiga ilisema "kwacha", ikanyamaza.

Waprotestanti ndio waliokuwa wengi, watu wa Kivu Kusini ya Kongo kama sisi, na walikuwa na ngoma na kwaya za kutikisa mlima. Watoto wao walitutania njiani: "Ninyi Wakatoliki, hii iko misa ao iko ugali? Sufuria yenu imelia!" Mama alikuwa Mkatoliki, baba Mprotestanti. Jumapili waliachana mlangoni, mmoja akienda juu, mwingine chini, na mimi nilikwenda juu na mama. Kila rimu ilipolia, mama alisimama kidogo akiwa anafunga kitenge, akasema, "Siku moja tu niisikie kengele inayolia kama ya kwetu. Siombi mengine." Alisema hivyo kila Jumapili Mungu aliyoileta. Baba, Biblia kwapani, alijibu "eeh", akaenda zake.

Kwaresima ilipofika nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Mama alifunika msalaba mdogo wa ukutani kwa kipande cha zambarau alichokata kwenye kitenge kilichochakaa. Tulikatazwa kula nyama ambayo hatukuwa nayo. Tulikatazwa kuimba tukitwanga. Kila Ijumaa tulipanda Njia ya Msalaba kwenye matope, kituo hadi kituo, na kituo kimoja kilikuwa kando ya shamba la Mama Zawadi, jirani yetu Mprotestanti, ambaye kila mwaka alisimama mlangoni akilalamika, "Yesu wenu anaangukaka mu maharage yangu tu! Hana fasi ingine ya kuangukia?" Na kila mwaka mama alimjibu kwamba akihamisha maharage, Yesu naye atahama.

Halafu yalikuja Matawi. Mama alitaka matawi ya ukindu, hakutaka majani ya mgomba kama wengine, na ukindu uko kinamasini karibu na ziwa, una miiba. Unadhani nani alikwenda kuukata? Baba, ambaye kanisani kwake walifundishwa kwamba hayo yote ni mapambo. Alirudi amekwaruzwa mikono, akautupa mzigo mlangoni bila neno. Mama alisuka misalaba midogo, akachomeka mmoja juu ya mlango, na ule mkavu wa mwaka uliopita alikuwa amekwisha kuupeleka kwa Mzee Anselme kabla ya Jumatano ya Majivu, uchomwe uwe majivu ya kutupaka. Baba aliinama kupita chini ya ule msalaba wa ukindu mwaka mzima, kwa sababu alikuwa mrefu. Mimi nilidhani anausujudia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, mapya bado hayajaota. Alhamisi Kuu padri alitufikia sisi kwanza, mchana, kabla ya kwenda kwingine. Wanaume waliochaguliwa kuoshwa miguu walikuwa wameshasuguliwa nyumbani na wake zao kwa jiwe na sabuni, maana hakuna mwanamke aliyetaka aibu, hata Mzee Anselme akalalamika, "Sasa padri ataosha nini? Miguu imeng'aa kuliko sahani ya misa!" Ulipoanza wimbo wa Gloria, rimu ilipigwa kwa fujo mpaka wimbo ukaisha. Kwacha, kwacha, kwacha. Kisha kimya. Mzee Anselme akaivisha ile nondo kitambaa cha zambarau, akaiingiza ndani. Kuanzia hapo watu wangeitwa kwa kugonganisha vibao viwili, mpaka Gloria ya Pasaka.

"Kengele imeenda wapi?" nilimwuliza mama.

"Roma."

Ndivyo masista walivyomfundisha yeye alipokuwa mtoto kule Kivu: kengele zote za dunia huondoka siku hiyo kwenda Roma, na hurudi Pasaka na baraka. Nilitaka kujua zinakwenda na nini. "Zinaendaka tu," alisema mama. Mimi sikuwa mtoto wa kutosheka na "tu". Nilikwenda kwenye mkaratusi nikaangalia. Rimu ilikuwa palepale, imening'inia. Nilisikitika sana. Nilijua kwamba sisi wakimbizi hatukuondoka kambini bila karatasi ya ruhusa, na nilielewa kwamba kengele yetu ilinyimwa karatasi. Kengele za wengine zilikuwa Roma wakati huo, na yetu imebaki kambini kama sisi.

Kesho yake, Ijumaa Kuu, kumekucha tu, nilikwenda bombani na kidumu changu. Nilipopita kanisani nilimwona baba chini ya mti. Alikuwa amekwisha kuifungua rimu kwenye mnyororo na anaifunga nyuma ya baiskeli, amefunika na gunia.

"Baba, unaipeleka Roma?"

Alinitazama. Kisha akakaza kamba ya gunia.

"Eeh," akasema.

"Itarudi Pasaka?"

"Itarudi Pasaka."

Alipanda baiskeli, akasukuma kidogo, akashusha mguu. "Usimwambie mama."

"Kwa nini?"

"Tutaona."

Nilirudi na maji huku nikirukaruka. Kumbe kilichokosekana ni usafiri! Kengele za wengine zinaruka zenyewe, yetu ina uzito, inahitaji baiskeli. Na katika kambi nzima aliyepewa kazi hiyo ni baba yangu, Mprotestanti.

Alasiri, Mzee Anselme alipofika kutayarisha Njia ya Msalaba, alikuta mnyororo mtupu. Watu walikusanyika. Wanawake waliweka mikono kichwani. "Bameiiba! Siku Yesu anakufa, bameiba kengele!" Mama alikuwa katikati yao, analia kama wengine. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niliambiwa nisimwambie mama. Lakini kelele zilizidi, hata Mama Zawadi akatoka shambani kwake kuja kuangalia, na mimi nikaona ni upumbavu kulilia kitu kisichopotea.

"Haijaibiwa," nikasema. "Imeenda Roma."

Wakacheka kwa uchungu. Mmoja akanipapasa kichwa. Mama Zawadi peke yake ndiye aliyeinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Na imeenda na nini, mutoto yangu?"

"Na baiskeli."

Hakuna aliyecheka tena. Waliokuwa na baiskeli pale kwetu walijulikana, na mwenye baiskeli ambaye hakuonekana tangu asubuhi alijulikana pia. Sikuwa nimemwambia mama. Niliwaambia wengine wote, mama akiwa amesimama pale.

Mama hakunipiga. Aliinua kitenge, akafuta uso, akaiendea Njia ya Msalaba kituo kwa kituo, akabusu msalaba zamu yake ilipofika, mgongo umenyooka. Nyuma yake walinong'ona. Mkewe anabusu, bwana anauza. Jumamosi Mzee Anselme alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Riziki, bwana yako alisema anaenda fasi gani?"

"Hakusema. Unamujua."

"Chuma kinauzwaka Mbarara."

"Najua kama chuma kinauzwaka Mbarara, Mzee Anselme."

"Bamama banasema, kama ni yeye, utoke kwanza mu chama chao cha kanisa."

"Baseme."

Hakuwa amefika mbali, wakaja wazee wawili wa kanisa la baba. Nao walisema ikiwa ameuza kengele ya watu, hata ya Wakatoliki, wao watamtoa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyoona makanisa yale mawili yanakubaliana. Walipoondoka mama alianza kuchambua maharage, akayamwaga, akayaokota. "Kama ameiuza, asirudi," aliiambia sufuria. Baadaye kidogo akaiambia tena, "Arudi tu." Mimi nilimweleza mara nyingi kwamba Roma ni mbali na baiskeli ni moja. Aliniambia nitoke nje.

Jumapili ya Pasaka mvua ilinyesha kama imetumwa. Barabara ilikatika bondeni na padri hakufika. Chini kwetu Waprotestanti walifufuka na ngoma tangu asubuhi, wakaimba, wakapika. Harufu ya nyama ya Mama Zawadi ilipanda mlima. Sisi tulikuwa bado Kwaresima. Mzee Anselme alisimama mbele akatangaza: bila padri hakuna Gloria, bila Gloria hakuna Pasaka, watu wavumilie. Tulisali rozari, tukarudi nyumbani, tukala maharage. Nilikuwa na gauni jipya lililokatwa kwenye kitenge cha mama, na sikuruhusiwa kulivaa kwa kuwa Yesu bado alikuwa kaburini. Niliona wazi jinsi mambo yalivyo: parokiani amekwisha kufufuka, kwa Waprotestanti amefufuka, anakuja kwetu nyuma ya pikipiki ya padri, na amekwama kwenye matope.

Jumatatu mvua iliacha. Watu walijaa uwanjani mwa kanisa kumngoja padri. Badala ya pikipiki likatokea pikapu la jeshi, limepakwa matope mpaka kwenye kioo. Nyuma alikaa baba. Rimu ilikuwa katikati ya magoti yake, baiskeli imelazwa pembeni. Hakuwa amefungwa, lakini alikaa kama mtu aliyefungwa. Mama alipomwona alishika mkono wangu akauminya mpaka nikalia.

Mwanajeshi mmoja mnene akashuka mbele, akatazama huku na huku.

"Nani mukubwa ya hapa?"

"Ni miye, afande. Katekista."

"Hii muzee tulishika yeye jana pale Rwekubo kwa roodbloki ya barabara. Mimi nauliza, hii chuma natoa wapi? Yeye nasema ni kengele ya kanisa. Mimi nakaa kwa jeshi miaka mingi, kengele najua. Hii ni rimu ya lori."

"Ni rimu, afande," alisema Mzee Anselme, "lakini ni kengele."

"Ni rimu ama ni kengele?"

"Ni kengele yetu."

"Haya. Funga hapo juu. Piga, mimi nasikia. Kama ni kengele, mimi naacha muzee. Kama si kengele, narudi na yeye Mbarara."

Wanaume wawili waliishusha rimu, wakaining'iniza kwenye mnyororo wake. Watu wote walimtazama Mzee Anselme. Mzee Anselme alitazama viatu vyake.

"Haiwezi kupigwa, afande."

"Kwa nini?"

"Bado Gloria."

"Gloria ni nani? Mwite yeye, aje haraka. Mafuta naisha."

"Hapana, Gloria ni wimbo. Padri hajafika. Kengele haipigwi mbele ya Gloria. Ni sheria ya Kanisa."

Mwanajeshi akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kurudi nyumbani. "Kengele iko, lakini hapana piga. Padri hayuko. Gloria hayuko. Nyinyi Bakongomani!" Akamgeukia baba. "Muzee, panda gari."

Na baba akageuka apande! Bila neno. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akashika ubao wa gari. Mpaka leo nikiukumbuka mguu ule napandwa na hasira. Mtu anapelekwa korokoroni kama anapelekwa dukani.

"Weye!" Mama alipaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Sema kitu! Batu banakuita mwizi hapa siku ine, sema hata neno moja!"

Baba akasimama, mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Nilienda kuichomelesha," akasema. "Hizi siku haipigwaka. Nikaona ni siku muzuri."

Hayo tu. Lakini watu walisogea kuangalia, na kweli, palipokuwa na ufa palikuwa na mshono mnene wa chuma kipya, bado unanuka moto. Kumbe Mprotestanti wetu alikuwa amepiga hesabu yake. Wakatoliki hawaigusi kengele kuanzia Alhamisi mpaka Pasaka, kwa hiyo hawataihitaji, kwa hiyo ndizo siku za kuipeleka kwa fundi. Hakufikiri kwamba kengele isiyopigwa huangaliwa bado. Na hakufikiri kwamba Ijumaa Kuu mafundi wa Mbarara wanafunga. Alilala mjini kwenye baraza ya duka akingoja Jumamosi. Na haikumpitia akilini kwamba angeweza kumwambia mtu.

Mzee Anselme alipapasa ule mshono kwa kidole. Macho yalimjaa machozi. "Lakini bado Gloria," akasema kwa sauti ndogo, na nadhani wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anajichukia.

Mama alikuwa ndiye mtu mkali kuliko wote katika mambo hayo. Ndiye aliyetukataza kuimba tukitwanga. Aliniachia mkono, akaingia kanisani, akatoka na nondo. Alikuwa anakifungua kile kitambaa cha zambarau huku anatembea.

"Mama Riziki!" Mzee Anselme alinyoosha mikono. "Gloria!"

"Itanikuta nimekwisha kupiga."

Akainua nondo. Baba akaruka chini kutoka kwenye gari, mara ya kwanza nilimwona ana haraka.

"Si huku," akasema. "Huku kumechomelewa. Huku."

Akaizungusha rimu kwenye mnyororo, mshono ukaangalia mti. Mama akapiga.

Sijui niwaambieje. Ililia. Ilitoka sauti moja ndefu ikapita juu ya migomba, ikashuka hadi ziwani, na kabla haijaisha akapiga tena. Watoto wa Kiprotestanti walitoka mbio majumbani. Mama Zawadi alisimama katikati ya maharage yake, mkono kinywani. Mwanajeshi alisikiliza mpaka sauti ikaisha yote.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni kengele."

Walimshushia baba baiskeli yake. Pikapu lilipokuwa linageuza ndipo pikipiki ya padri ilipofika, padri ana matope hadi kifuani. Alikuwa ameisikia kengele tangu bondeni. Mzee Anselme alimpokea akitubu hata kabla hajashuka: kengele imepigwa, Padri, kabla ya Gloria, nisamehe.

Padri alimtazama. "Anselme, Gloria imeimbwa dunia nzima tangu Jumamosi. Yesu amefufuka. Ninyi mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe, Padri."

Nilivaa gauni langu jipya. Nilimwuliza baba Roma kukoje, akasema kuna magari mengi.

Usiku huo wala siku zilizofuata mama hakumpa hotuba. Nilimsikia akisema mara moja tu, akiosha vyombo, "Ungeniambia." Baba akajibu, "Eeh." Watu wa chama walikuja kumwomba radhi, akawapikia chai. Na kuanzia hapo, kila Jumapili rimu ilipolia na mama akasimama kufunga kitenge, hakusema tena lile neno lake. Walitazamana kidogo pale mlangoni, halafu mmoja akaenda juu, mwingine chini.

Wazee pale makaburini walisema alifanya hivyo kwa upendo kwa mkewe. Inawezekana. Nilimwuliza. Mwezi uliopita, alipolazwa Mbarara, nilikuwa namlisha uji, nikasema, "Baba, ile kengele, ulimfanyia mama?" Nilidhani kwamba mtu akifika pale atasema. Alimeza uji, akafikiri.

"Ilikuwa na ufa," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki Alhamisi Kuu jioni. Ijumaa tulimrudisha Nakivale, na Jumamosi, kama nilivyosema, tukamzika, mchungaji wao akihubiri na ngoma zao zikilia. Wakatoliki wa kigango walikuja wote. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, Mzee Anselme, ambaye sasa anatembea kwa fimbo mbili, alimwinamia mama pale mkekani.

"Mama Riziki, ukisema tu, nitaenda kuipiga. Mimi mwenyewe. Mungu atanisamehe."

Nilifikiri mama atainuka. Nilikuwa tayari kumshika mkono.

"Hapana," akasema. "Bado Gloria."

Niliwaka. Miaka yote hii, na bado Gloria! Nikamnong'oneza, "Mama, ile siku uliipiga."

"Ile siku kulikuwa askari anamungoja." Hakunitazama. "Leo nani anamungoja? Acha angoje na yeye kidogo. Alituchelewesha sisi."

Jumapili asubuhi mashangazi walimkataza kutoka. Mjane hatoki, walisema, kaburi halijakauka, watu wataonaje. Mama alifunga kitenge chake cha msiba, akapita katikati yao kama mtu anayepita kwenye migomba. Nilimfuata. Siku hizi kanisa lina mabati na madirisha, lakini rimu ni ileile na mti ni uleule. Mama alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, mimi pembeni yake. Barabara ni nzuri sasa, padri alifika mapema. Aliwasha mshumaa wa Pasaka, akaanza misa, akaanzisha Gloria, na nje mama mmoja wa kwaya, mgeni kwetu, mwenye mikono ya kulima, akaipiga rimu kwa nguvu zote.

Kwacha.

Nikamtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

Kwacha. Kwacha.

Mama akainuka. Alitoka nje kanisa zima likiimba, akaenda hadi mtini, akamshika yule mama mkono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Si huku," akamwambia. "Huku."

Akaizungusha rimu mpaka mshono ukaangalia mti, akarudi nyuma hatua moja ampishe, na yule mama akapiga.